Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Kakamega kuhusu wanafunzi wanaorudi Navakholo kabla ya wakati

Kwa Mheshimiwa Fernandes Barasa,
Gavana wa Kaunti ya Kakamega

Mheshimiwa Gavana,

Natanguliza heshima zangu zote, na kwa ruhusa yako naongeza za majirani zangu wa Navakholo, ambao waliposikia nataka kukuandikia waliniomba nikusalimu kwa niaba yao kabla ya kusema neno lolote jingine. Tunajua kila asubuhi meza yako hujaa mambo ya barabara, miwa, maji, mishahara na hospitali, na kila anayekuandikia huona lake ndilo la kwanza. Niwie radhi kwa kuliongeza langu. Niwie radhi pia kwa kukuandikia mbele ya macho ya watu, badala ya kupitia kwa mwakilishi wadi wetu au afisi yako. Sikufanya hivyo kwa kukosa adabu. Jambo ninalolileta limezoea kusemwa chinichini, jikoni na nyuma ya nyumba, na huko chinichini ndiko linakozidi kutuumizia watoto. Nimeona afadhali lisemwe kwa sauti, na lisemwe kwako, kwa kuwa ninaamini kwa dhati kwamba uwezo wa kulitengeneza unao.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi si mbali na barabara itokayo Lurambi kuelekea Musikoma. Niliowafundisha zamani sasa ni wazazi, na wana wao wanapomaliza Chebuyusi, Namirama, Ingotse na shule nyingine za huku, huniletea karatasi: fomu za mkopo wa HELB, za basari, barua ya chifu, barua ya kanisa. Tunazijaza pamoja mezani kwangu. Hivyo nimepata bahati ya kuwaona vijana wakiondoka kwenda chuoni, na nimewaona pia baadhi yao wakirudi wakati vyuo havijafungwa. Ni kwa ajili ya hawa wanaorudi ninakuomba dakika zako chache, Mheshimiwa.

Nianze na namna tunavyowasindikiza, maana bila hilo kurudi kwao hakueleweki. Barua ya kuitwa chuoni ikifika, huwa imeuita ukoo mzima. Baba huuza ng'ombe au hukodisha kipande cha shamba kwa misimu kadhaa. Mama hukopa katika chama. Kanisa hufanya harambee: jina husomwa, shangazi hutoa, mjomba aliye Nairobi hutuma kwa simu, na mzee asiye na kitu huleta kuku anadiwe. Mchungaji humwekea kijana mikono kichwani. Kisha kila aliyetoa humwambia neno la kuagana, na wengi humwambia lilelile: usituangushe.

Sioni ubaya katika hilo. Ni upendo, na ndio upendo uliosomesha watu wa Magharibi tangu Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilipokuwa bado chuo cha harambee kikiitwa WECO, miaka ya 1970, hadi kilipopewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Lakini nakuomba, Mheshimiwa, umfikirie mtoto wa miaka 19 aliyeondoka nyumbani akiwa na ng'ombe wa babaye, mkopo wa mamaye na kuku wa yule mzee mabegani. Siku akianza kukosa usingizi, siku akiketi darasani bila kusikia mhadhiri anasema nini, atamwambia nani? Kila mtu anayempenda ndiye anayemdai. Akipiga simu nyumbani anaulizwa anaendeleaje, anajibu, "Niko tu." Upande huu wa simu tunafurahi kwamba yuko.

Kisha siku moja anarudi. Huja jioni, na begi lake. Husema ameahirisha masomo, au kuna mgomo, au anangoja karo. Mara nyingi ni kweli, na mara nyingi si yote. Wiki ya kwanza watu humkaribisha. Wiki ya tatu wanaanza kuona kwamba analala mchana na kukesha usiku, anakula peke yake, simu ameizima, haogi mpaka aambiwe, hataki kwenda kanisani asije akaulizwa. Ndipo maelezo yanapoanza. Mmoja atasema ni uvivu. Mwingine atasema ni bangi. Mwingine atasema amesoma mpaka akili ikaruka, na jirani atakuwa na hakika kwamba kuna jamaa aliyemwonea wivu akamfanyia jambo. Baba, aliyeuza ng'ombe, hukasirika, na chini ya hasira yake mna hofu asiyoweza kuitaja. Mama huombewa kanisani, na mimi nawashukuru wachungaji wetu kwa dhati, kwa kuwa aghalabu wao ndio watu wa pekee waliokwenda kubisha mlango wa kijana huyo.

Lakini hakuna aliyemtajia mtoto huyo hospitali. Neno lenyewe, likitajwa karibu na neno akili, huku kwetu huleta picha ya Mathari, ile hospitali ya Nairobi iliyofunguliwa zama za ukoloni mwaka 1910 na ambayo jina lake watoto hutumia kutukanana. Mzazi anadhani kuna hali mbili tu: kuwa mzima, au kupelekwa Mathari. Katikati ya hizo mbili ndipo walipo karibu wote ninaokuandikia habari zao.

Nisingependa kukuchosha kwa sababu zote zinazowaangusha, lakini chache nakuomba uziangalie nami. Fedha ni ya kwanza kutajwa, na inastahili. Mwaka 2023 serikali ya taifa ilileta mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu, unaopima uwezo wa kila familia na kuamua mwanafunzi apate ufadhili kiasi gani, mkopo kiasi gani, na nyumbani walipe nini. Mwaka uliofuata wanafunzi walikuwa wamepangwa katika makundi 5, na wazazi wengi walilalamika kwamba kundi walilowekwa halikuwa lao. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuharamisha mfumo huo. Baadaye Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo. Mawakili walikuwa na hoja zao pande zote. Kijana wa Navakholo alikuwa na chumba cha kukodi huko Lurambi karibu na chuo, mwenye nyumba mlangoni, na hakujua kama mwezi uliofuata angekuwa mwanafunzi au la. Halafu mwaka 2025 wahadhiri wakagoma karibu wiki saba wakidai haki yao ya muda mrefu. Sina neno dhidi ya wahadhiri, kwa maana nilikuwa mwalimu na najua maana ya kungoja malipo. Nasema tu kwamba mtu aliyekwisha kulemewa, ukimwacha wiki saba chumbani bila ratiba, bila chakula cha uhakika na bila mtu wa kumuuliza hali, atakuwa mwingine utakapomrudia.

Yako na mengine. Alama za mtihani zinazopotea, mpaka mtu wa mwaka wa nne hajui kama atahitimu na wenzake. Kamari ya simu, ambayo humeza pesa za karo kwa usiku mmoja na kumwachia kijana siri asiyoweza kumwambia yeyote. Wasichana hubeba yao zaidi: mimba ambayo mwanamume aliyehusika ameikana, mwanamume mwenye gari aliyelipa kodi ya nyumba kisha akadai kuitwa mwenyewe, na woga wa kutembea usiku uliozidi baada ya mauaji ya wanawake vijana yaliyowatoa watu barabarani kote nchini Januari 2024.

Hata hivyo, kwa heshima, ningeomba tusilifanye jambo hili liwe la karo peke yake. Nimewaona watoto wa wenye uwezo wakiugua vilevile. Umri wenyewe ni wa hatari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya watu wanaopata maradhi ya akili maishani mwao, nusu huwa yamewaanza kabla ya miaka 14, na robo tatu kabla ya miaka 24. Yaani maradhi haya huja katika miaka ileile ambayo mtoto anatoka kwao mara ya kwanza, analala mahali asipojulikana, na anapimwa kila muhula. Shirika la Afya Duniani linahesabu kujitoa uhai miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Karo ingelipwa yote kesho, bado tungehitaji mtu wa kuwasikiliza na kuwatibu.

Kama anayesoma barua hii ni mmoja wa vijana hao, na Gavana aniruhusu nimgeukie kidogo: mwanangu, namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni ya bure, na mtu atapokea. Ukishindwa kupiga, mpe simu yule anayelala chumba cha pili akupigie.

Mheshimiwa, huenda ukajiuliza kwa nini sikumwandikia Waziri wa Elimu. Ni swali la haki, kwa kuwa Katiba ya 2010 imeweka vyuo vikuu mikononi mwa serikali ya taifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limeweka hospitali na zahanati za kaunti mikononi mwako. Sasa mtazame mtoto wetu. Akiwa ndani ya lango la chuo, yuko mshauri nasaha katika afisi ya mlezi wa wanafunzi. Siku anapoahirisha masomo, anapewa barua, anarudisha ufunguo wa hosteli, anapanda matatu. Chuo kimemaliza naye. Hospitali iliyo karibu na kwao haijaarifiwa kwamba yuko njiani. Katika safari hiyo fupi ya kutoka Lurambi hadi Navakholo anatoka katika mikono ya serikali moja na hafiki katika mikono ya nyingine, na anatoka wakati ule alipokuwa mgonjwa zaidi. Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Anapofika nyumbani, yeye ni mgonjwa wa Kaunti ya Kakamega.

Na sheria, kwa bahati njema, iko upande wako. Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili. Sheria ya zamani, ya mwaka 1989, ilikuwa imeandikwa zaidi kuhusu kulazwa hospitalini. Marekebisho haya yalileta wajibu kwa kaunti: kutoa huduma ya afya ya akili katika vituo vyake, na kuwa na Baraza la Afya ya Akili la Kaunti. Miaka miwili kabla ya hapo, kamati maalumu iliyoongozwa na Dkt. Frank Njenga ilikuwa imezunguka nchi kusikiliza wananchi, na ikapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye alikuwa ametoa ripoti yake mwaka 2017: kati ya hospitali 284 za ngazi ya 4 kwenda juu nchini kote, ni 29 tu zilizokuwa na huduma za afya ya akili. Hospitali ya kaunti ndogo, kama yetu ya Navakholo, ni ya ngazi hiyo ya 4. Kwa hiyo ninapokuomba jambo kwa ajili ya Navakholo, natambua kwamba upungufu huu ulikuwa wa taifa zima, na kwamba hukuuanzisha wewe.

Kuna jambo jingine la sheria, nalo nakusihi kwa namna ya pekee. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka 2. Familia zilificha. Mama aliyemkuta mwanawe katika hali hiyo alikuwa na mambo mawili ya kuogopa kwa wakati mmoja: kifo, na polisi. Wengine waliwatibu watoto wao nyumbani kwa maziwa na maombi ili hospitali isije ikaandika taarifa. Januari 2025 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Madaktari wa Akili, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Habari hiyo ilisomwa Nairobi. Ningeona fahari kubwa kama ingetangazwa nawe katika baraza la wananchi huku kwetu, kwa Kiswahili na kwa Lunyala, ili kila mama wa Bunyala Magharibi, Kati na Mashariki ajue kwamba anaweza kumkimbiza mwanawe hospitalini bila kuogopa pingu. Sauti yako, Mheshimiwa, inafika mahali ambapo nakala ya hukumu haifiki.

Sasa niruhusu nikumbushe jambo jema la kaunti yetu wenyewe. Katika utawala wa mtangulizi wako, Mheshimiwa Wycliffe Oparanya, Kakamega ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao wananchi waliuita Oparanya Care. Mama mwenye mimba asiye na uwezo alipewa shilingi 2,000 kwa awamu, jumla 12,000, mradi ahudhurie kliniki, ajifungulie hospitalini, na amlete mtoto kwa chanjo mpaka atimize miezi 18. Nilipenda sana akili iliyoujenga mpango huo. Haukumngoja mama aanguke mlangoni pa hospitali. Ulijua kwamba kuna kipindi katika maisha ya mtu ambapo hatari huzidi, ukakitaja mwanzo na mwisho wake, ukamfuata mhusika hadi kwao na kumsindikiza mpaka akavuka.

Naomba kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, tukubaliane kwamba kuna kipindi cha pili cha namna hiyo. Kaunti hii ilimshika mkono mtoto hadi miezi 18. Namwombea ashikwe tena akiwa na miaka 18.

Wala hatuombi jambo ambalo halijafanywa kwingine. Makueni ni kaunti ya wakulima kama sisi. Huko Profesa David Ndetei na wenzake wa Africa Mental Health Foundation waliwafunza wauguzi wa kawaida na wahudumu wa afya ya jamii kutambua na kutibu mfadhaiko na maradhi mengine ya akili, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotungwa kwa ajili ya vituo visivyo na daktari bingwa. Hawakuwaacha nje waganga wa kienyeji na wahubiri. Waliwakaribisha, wakawafunza ni wakati gani wampeleke mtu hospitalini. Nikiwafikiria wachungaji wetu wanaobisha milango, naona tayari tunao nusu ya watu wa kazi hiyo.

Zimbabwe wamekwenda mbali zaidi. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, huko Mbare katika jiji la Harare, kuwafunza akina nyanya kuketi na wenye shida kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa: baada ya miezi 6, waliozungumza na hao nyanya walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na hapa kwetu Kenya, Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn na wenzake, ilitumia vijana kuongoza vikao vinne vya vikundi kwa wanafunzi 413 wa sekondari za Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za mfadhaiko au wasiwasi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili zikipungua zaidi kwa waliopata mafunzo ya Shamiri kuliko kwa wenzao waliofunzwa stadi za kusoma tu. Vijana waliofanya kazi hiyo walikuwa wa rika moja na hawa waliorudi Navakholo.

Nikija kwenye ombi lenyewe, naanza na chumba. Ukiridhia, Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Navakholo iwe na chumba chenye mlango unaofungwa na muuguzi aliyefunzwa afya ya akili, kwa siku zinazojulikana. Nakusihi sana mlango huo usiandikwe chochote, wala kusiwe na benchi lake la peke yake. Navakholo ni mahali ambapo kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani. Kijana akiketi mbele ya mlango ulioandikwa wagonjwa wa akili, habari itamtangulia nyumbani kabla hajaitwa jina. Aketi pamoja na wenye malaria na wenye kukohoa, aitwe kama wao, aingie. Dawa anazohitaji, kama fluoxetine ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, zihesabiwe na kuagizwa pamoja na za malaria, kwa maana mgonjwa aliyejipa moyo akaja mara moja na kuambiwa dawa imeisha, harudi.

Ombi langu kubwa ni barua ya rufaa. Ningefurahi kuona afisi yako ikikubaliana na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na Taasisi ya Kitaifa ya Ufundi ya Sigalagala, na Chuo cha Kilimo cha Bukura, kisha na vyuo vikuu vya Kibabii na Maseno, kwamba mwanafunzi anapoahirisha masomo kwa sababu ya afya, aondoke na karatasi mbili. Ya kwanza ni hiyo wanayompa sasa. Ya pili impeleke kwa muuguzi wa hospitali iliyo karibu na kwao, kwa jina la muuguzi na siku ya kumwona. Iwe kwa hiari yake, na siri yake ilindwe hata dhidi yetu sisi wazazi, kwa kuwa ameshatimiza miaka 18 na sheria inamtambua. Asipofika siku hiyo, muuguzi ampigie simu. Na anapokuwa tayari kurudi masomoni, hospitali imwandikie chuo, asilazimike kusimama mbele ya meza ya msajili akieleza upya mambo ambayo hata mama yake hakumweleza.

Karatasi hiyo haina gharama kubwa. Watu wa kuipokea nao wengine tunao. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mifuko ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii 100,000, na posho yao hugawanywa kati ya serikali ya taifa na kaunti. Mfuko una kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Mhudumu anayeingia boma kumpima babu presha humpita kijana aliyefunikwa blanketi chumba cha pili, kwa sababu hakuna aliyemfunza kuuliza. Akifunzwa maswali machache, na namna ya kuyauliza bila kumtia mtu aibu, ziara ileile itafanya kazi mbili. Masinde Muliro nao wana shule ya uuguzi na ya tiba. Nina hakika wahadhiri wake wangekubali kwa moyo mweupe kuleta wanafunzi wao wa uuguzi Navakholo kwa mafunzo ya kazini, wakaketi na wenzao chini ya usimamizi.

Utaniambia, na utakuwa na haki, kwamba fedha ni chache na kila kaunti ndogo itataka chumba chake. Natumaini itataka. Ikianza Navakholo ikafaulu, Likuyani, Matungu na Khwisero wataiga, na sisi tutawapokea wageni wao na kuwaonyesha. Kama ni lazima kuchagua, ningekuomba kwa heshima uanze na yule muuguzi mmoja na ile karatasi, jengo lije baadaye.

Siandiki haya kukulaumu, na ningehuzunika sana kama yangesomwa hivyo. Najua wewe pia ni mzazi wa kaunti hii kwa namna ambayo sisi wengine hatuwezi kuwa, na kwamba kila barua ya namna hii hufika ikiwa na majina ambayo mwandishi ameyanyamazia. Ninayo majina hayo. Nikiitwa nitakuja na wazazi ambao wako tayari kuzungumza, na vijana wawili watatu ambao wamepona na wangependa kusema wenyewe.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, baada ya wananchi kuulizwa maoni. Sisi wa Navakholo tutahudhuria kikao chetu cha maoni, na tutaomba muuguzi huyo aandikwe kwa cheo chake na mahali pake pa kazi katika makadirio ya idara ya afya. Nakuomba kwa taadhima kubwa, Mheshimiwa Gavana, umwagize waziri wako wa afya wa kaunti aje kikaoni siku hiyo, atusikilize, na atuambie ni lini baraza linalotajwa na sheria ya 2022 litaketi nasi, na kama katika viti vyake kimoja kitakuwa cha mwanafunzi.



Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Navakholo